Cheche za karakana jukwaani: kisa cha Walukuba

Kundi la maigizo la Walukuba, hapa Jinja, liliandaa mchezo wa Kiswahili kuhusu vijana waliomiminika mjini miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likimaliziwa na viwanda vikianza kuufuata umeme wake. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954, na leo linaitwa Nalubaale. Walukuba yenyewe ilijengwa kuwa makazi ya wafanyakazi hao. Ndiyo maana Kiswahili kimekaa hapa hadi leo: Mluo, Msamia, Mteso na Mnubi wakipangiwa mlango kwa mlango, lazima ipatikane lugha ya kugombania bomba la maji.

Katikati ya mchezo kuna karakana. Kijana anasaga chuma, msimamizi anamfokea, ugomvi unapanda, halafu sanduku la umeme ukutani linalipuka na jukwaa zima linazima. Mwongozaji alitaka cheche za kweli katika tukio hilo. “Nataka mtu wa safu ya mbele ashtuke,” alisema. Alitaka pia mchezo urekodiwe uwe filamu fupi, kwa hiyo cheche zilipaswa kukubalika mbele ya watu na mbele ya kamera. Mimi nashughulikia taa na umeme wa kundi, na kazi hiyo ikaangukia kwangu.

Ukumbi tuliokuwa nao ni wa siku nyingi. Jukwaa ni la mbao zilizokauka hadi zikaachana, unaingiza kidole kati ya ubao na ubao. Chini yake ni stoo ya kila kitu: mapazia ya zamani, magodoro mawili ya sponji, unga wa mbao ulioachwa na seremala. Mandhari ya nyuma ilikuwa mikeka ya mafunjo, maana mafunjo ni rahisi na yanapendeza kwenye mwanga wa taa. Milango ni miwili, na wa pembeni ulikuwa maegesho ya bodaboda. Cheche yoyote ingeanzia kwenye hali hiyo.

Mapendekezo yalikuja matatu, kila moja na mtu wake.

La kwanza lilikuwa fataki ya chemchemi, ile inayosimikwa chini na kurusha cheche juu kwa sekunde kadhaa. Kijana mmoja wa kundi alikuwa na mtu wa kumuuzia. Hili halikuchukua muda kulikataa, lakini sababu inafaa ielezwe, kwa kuwa wengi hudhani tatizo la fataki ni ukubwa wa moto wake. Tatizo ni kwamba ikishawaka haina swichi. Ndani ya bomba mna fueli pamoja na kemikali inayoipa oksijeni, kwa hiyo hata ukiifunika na blanketi inaendelea kuwaka hadi iishe. Mwigizaji akiteleza mbele yake, pazia likipeperuka, mtoto akipanda jukwaani, huna la kufanya ila kungoja.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, tarehe 20 Februari 2003. Fataki za aina hiyo ziliwashwa bendi ilipoanza kupiga, cheche zikapata sponji ya poliyurethani iliyobandikwa ukutani kuzuia kelele, na watu 100 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba ndani ya takriban sekunde 90 eneo la karibu na jukwaa halikuwa tena mahali ambapo mtu angeweza kuishi. Santa Maria, Brazili, Januari 2013, kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya nje kiliwashwa ndani, na wakafa 242. Kočani, Masedonia ya Kaskazini, Machi 2025, cheche za fataki zikashika dari, na waliokufa walizidi 60. Miaka ishirini na zaidi, kisa ni kilekile. Sisi tulikuwa na sponji ileile chini ya miguu ya waigizaji.

Isitoshe, hapa Uganda fataki haziwashwi bila kibali cha polisi, na viwango vya NFPA, shirika la Marekani linaloandika kanuni za kinga ya moto, vinataka kifaa cha fataki kiwe angalau mita 4.6 kutoka kwa mtazamaji, au mara mbili ya eneo zinapoangukia cheche, lolote lililo kubwa. Safu yetu ya mbele ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Hoja ikaisha.

Pendekezo la pili lilitoka kwa mpambaji wa harusi: mashine ya kile kinachoitwa “cheche baridi”. Wengi mmeziona kwenye kwanjula, yaani sherehe za kutambulishana ukweni, na harusi, masanduku meusi mawili yanayopandisha mti wa cheche maharusi wakiingia. Hazina baruti. Unamimina chembe za aloi ya titani na zirkoniamu, mashine inazipasha moto kwa umeme hadi ziwake, na feni inazirusha juu. Urefu unarekebishwa, kwa kawaida kati ya mita moja na tano, na ukibonyeza kitufe cheche zinakoma. Kwa kipimo cha kuzimika, mashine hii imeipita fataki mbali.

Hilo la “baridi”, hata hivyo, ni la biashara. Chembe inayowaka ni ya moto sana. Kinachomwokoa mtu anayepitisha mkono juu yake ni udogo wa chembe. Tone la chai inayochemka na sufuria nzima ya chai hiyo vina halijoto moja, ila tone likikudondokea unapangusa tu, na sufuria ikikumwagikia unalazwa. Wauzaji huonyesha kwa kupitisha kiganja kwenye ncha ya mkondo, kule juu chembe zilikokwisha kupoa. Hawapitishi kiganja pale mdomoni. Na kiganja si sponji. Ngozi hai ina maji, inasogea, inalitawanya joto. Sponji, pamba na unga wa mbao hulishika joto hilo na kulitunza.

Tuliikataa kwa sababu tatu ambazo mpambaji hakuzitarajia. Cheche zake hupanda juu, na cheche za karakana huenda pembeni na kushuka, kwa hiyo fundi yeyote wa Jinja angecheka. Pili, juu yetu kulikuwa na dari la chini. Tatu ni ya kuzimia moto. Chembe zikiganda kwenye njia yake zinaweza kuwakia ndani ya mashine, na titani inayowaka haizimwi kwa maji: chuma hicho huyanyang'anya maji oksijeni na kuachia haidrojeni, ambayo nayo inawaka. Kinachotakiwa ni mchanga mkavu kabisa au unga maalumu wa kuzimia moto wa metali. Mpambaji alikuja na jerikeni la maji. Tulipomuuliza mchanga mkavu uko wapi, alidhani tunamtania.

Simtupii lawama zote. Uwanjani, penye nafasi juu na pembeni, mashine nzuri yenye chembe zake halisi ni kifaa cha heshima. Woga wangu mkubwa ni ule unga wa kupima kwa kijiko usio na jina, unaouzwa kama mbadala wa bei nafuu. Ukubwa wa chembe na mchanganyiko wake ndio unaoamua mkondo utapanda wapi na utapoa lini. Ukibadilisha unga, umebadilisha mashine.

Pendekezo la tatu lilitoka kwa Mzee, fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi viwandani hapa Jinja tangu ujana wake, na ambaye tulikuwa tumemwita tu atufundishe jinsi mtu anavyosimama akisaga chuma. Alisikiliza mabishano yetu, akasema, “Wanangu, mnatafuta cheche za karakana harusini. Karakana si hii hapa?” Alimaanisha grainda, mashine ya kusagia chuma.

Mwongozaji alifurahi, akataka mwigizaji ashike grainda ya mkononi asage kweli. Mzee alikataa papo hapo. “Grainda ya mkono ni ya kazi. Huyu kijana atakuwa anasikiliza maneno yake, hasikilizi disiki. Na disiki haijui kwamba ni mchezo.”

Hesabu inamuunga mkono. Disiki ya milimita 115 kwenye mashine ya mizunguko 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia takriban mita 66 kwa sekunde. Jiwe la grainda ya mezani la milimita 150, kwa mizunguko kama 2,900, ukingo wake unakimbia mita 23 hivi. Cheche huondoka kwa kasi inayokaribia ile ya ukingo, kwa hiyo za grainda ya mkono zinasafiri mbali na kutua pasipotarajiwa. Si bure kanuni za NFPA za kazi za moto, kama kusaga na kuchomelea, zinataka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa mita 11 kuzunguka kazi. Za grainda ya mezani huanguka karibu, na unaweza kuzipangia mahali pa kuangukia. Isitoshe, grainda ya mezani haishikwi na mtu, na ukiirudisha mahali pake kwa boliti kila onyesho, mkondo unatoka palepale.

Basi tukaamua hivi: mwigizaji ashike grainda ya mkononi iliyotolewa injini, ganda tupu, na cheche zitoke kwenye sanduku la bati lililofichwa nyuma ya mfano wa boriti ya chuma. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Sanduku Mzee alilikata kwa bati zito, si lile la paa. Ndani imefungwa grainda ya mezani, kinga zake zote zikiwa mahali pake. Mdomo wa sanduku unaelekea pembeni mwa jukwaa, sambamba na safu za viti, hivyo watazamaji wanauona mkondo ukipita mbele yao na hakuna cheche inayotazama upande wao. Mkondo unaishia kwenye bati lililoinamishwa, na chini ya bati hilo kuna karai pana la mchanga uliolowa. Mchanga uliolowa unafaa hapa kwa kuwa tunasaga chuma cha kawaida. Ungekuwa titani, mchanga huohuo ungekuwa kosa.

Chuma chenyewe tulikichagua kwa macho. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, inatoa mistari mirefu iliyonyooka isiyo na matawi mengi. Chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi nyekundu, kama za mtu asiye na nia. Tupa chakavu, ile ya fundi ya kunolea, yenye kaboni nyingi, hupasuka kila upande kuwa matawi na nyota, kwa sababu kaboni ndani ya chembe inapoungua hugeuka gesi na kuipasua chembe angani. Mwongozaji aliipenda tupa, lakini tupa ni ngumu na inavunjika ovyo. Tukashukia springi bapa za gari, ambazo kaboni yake ni ya kati: matawi yapo, na chuma hakimeguki. Kabla ya kuitumia springi hupigwa brashi hadi rangi na grisi ziishe. Shaba na alumini hazitoi cheche kabisa, na alumini Mzee haitaki hata iguse jiwe lile. Ikijipaka kwenye jiwe halafu ukaja na chuma chenye kutu, unga wa alumini na kutu ndio mchanganyiko wa kuchomelea reli. Unaweza kushika kwa kishindo.

Kitu ninachokisifu zaidi ni mkono wa kusukumia. Kipande cha springi ya gari kimefungwa kwenye mkono wa chuma wenye bawaba. Springi ndogo ya stendi ya baiskeli inauvuta mkono huo nyuma, mbali na jiwe, muda wote. Kamba inatoka kwenye mkono hadi kwenye pedeli nyuma ya pazia. Fundi akikanyaga, chuma kinagusa jiwe na cheche zinatoka. Akiinua mguu kwa sababu yoyote, ameambiwa, ameshtuka au ameanguka, chuma kinaachana na jiwe na mkondo unakatika hapohapo. Jiwe lenyewe litaendelea kuzunguka kwa muda, lakini halina kazi. Huhitaji kufikiri ili kusimamisha. Unahitaji kufikiri ili kuendelea.

Mawe nayo yana adabu yake. Kabla ya kufunga jiwe, Mzee hulining'iniza kwa kidole na kuligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kwa sauti safi, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe lazima iwe juu ya ile ya mashine. Likishafungwa, linaachwa lizunguke bure dakika nzima huku kila mtu akiwa amesimama pembeni, kamwe si mbele yake. Meza ya kuegemezea chuma haiachani na jiwe zaidi ya milimita 3, na ulimi wa kinga juu hauzidi milimita 6. Jiwe linapoliwa, vyote viwili vinasogezwa. Niliwahi kuona karakana nyingi ambazo pengo hilo linaingia kidole gumba. Chuma kikinaswa hapo, jiwe hupasuka.

Upande wa umeme ulikuwa wangu. Grainda ina soketi yake peke yake, ya ampea 13, yenye swichi inayokata umeme ukivuja zaidi ya miliampea 30, kwa kuwa tuna mchanga uliolowa karibu. La pili linawahusu hasa wanaoishi na umeme unaokatika: swichi ya kawaida ukiiacha imewashwa, umeme ukirudi mashine inaanza kuzunguka yenyewe, pengine mtu ameingiza mkono kusafisha. Tulifunga swichi ambayo umeme ukikatika nayo inajizima, na haiwaki tena hadi mtu aibonyeze.

Katika jaribio moja la usiku kila kitu kilikwenda vizuri. Mkondo ulitua kwenye bati, karai likapokea, mwongozaji akapiga makofi, tukakunja nyaya. Hajati anayetunza funguo za ukumbi alirudi nusu saa baadaye kufunga, akatusimamisha mlangoni: “Nyie wanangu, mnachoma nini huku chini?” Sisi hatukuwa tumesikia harufu yoyote, pua zetu zilikuwa zimejaa vumbi la jiwe. Tulishuka chini ya jukwaa na tochi. Kwenye unga wa mbao kulikuwa na duara jeusi linalokaribia ukubwa wa sahani, halina mwali wowote, linafuka tu, na ukingo wake ulikuwa umebakiza shubiri chache kufika godoro.

Njia iliyopita cheche ile ndiyo kiini cha kisa hiki. Mkondo mkuu ulikuwa umefika kwenye karai. Lakini jiwe hurusha pia chembe chache zinazogonga mdomo wa sanduku na kurudi chini, na baadhi ziliteleza kati ya ubao na ubao. Chembe moja kwenye ubao ulio wazi hupoa bure. Ikizama katika unga wa mbao, hewa ni kidogo, joto halina pa kutokea, na badala ya kuwaka inafuka polepole. Moto wa aina hiyo unaweza kukaa saa nyingi kabla haujapata hewa. Wote tungekuwa tumelala.

Baada ya hapo mpango ulibadilika zaidi kuliko mashine. Chini ya jukwaa palifagiliwa hadi udongoni, na magodoro yakatolewa. Juu ya mbao, kuzunguka sanduku na karai, tulitandika mabati yaliyokunjwa kingo na kupishanishwa, ili chembe isipate mwanya. Mikeka ya mafunjo iliondoka. Ukuta wa karakana tukauchora kwenye mabati, na kusema kweli ukawa unafanana na karakana zaidi. Safu mbili za mbele ziliondolewa. Na baada ya kila onyesho mtu mmoja anabaki saa nzima, tochi mkononi, anashuka chini ya jukwaa na kupanda. Saa hiyo ndiyo inayotajwa na kanuni za NFPA siku hizi, zamani ilikuwa nusu saa. Kazi hiyo haipendwi, analipwa posho.

Nguo zilileta ubishi usiotarajiwa. Mwanadada aliyecheza karani wa kiwanda alikuwa na nywele bandia na kitambaa cha nailoni, na nyuma ya pazia kulikuwa na makopo ya kupulizia nywele. Nailoni na poliesta hazichomi tu, huyeyuka na kugandamana na ngozi. Ovaroli zote zikawa za pamba nzito, mikono imefungwa kifundoni, suruali haikunjwi chini maana mkunjo ni mfuko wa kupokelea cheche. Makopo yalihamia chumba kingine. Wote walio ndani ya mita chache za mkondo walivaa miwani ya kinga, na mtaalamu wa mavazi akaipaka rangi ifanane na ya zamani.

Lile sanduku la umeme linalolipuka nilikuwa nimeombwa nilifanye “kwa kugusanisha waya kidogo”. Ombi hilo nalisikia kila mahali na jibu langu ni moja. Mgusano wa volti 240 hutoa mwanga unaochoma macho kama wa kuchomelea, humwaga shaba iliyoyeyuka, na ukubwa wa mlipuko unaamuliwa na transfoma ya mtaa, si na wewe. Tulichofanya ni taa kali za LED ndani ya sanduku, zinamweka mara mbili kisha giza, pamoja na mlio kutoka kwenye spika. Cheche zake ni kidogo na zinatoka kwenye kigurudumu kinachozungushwa na mota ya volti 12 dhidi ya mawe ya kiberiti cha gesi. Mawe hayo yana seriamu, ambayo hushika moto kwa urahisi sana na kutoa cheche nyeupe zenye maisha mafupi. Mtu asidanganyike na udogo wake: yametengenezwa kuwasha gesi, na yatawasha gesi. Jenereta na petroli yake vilikaa nje, mbali, upande mwingine wa jengo.

Afande wa zimamoto alikuja tulipomwalika. Nilijiandaa kumweleza halijoto na kaboni, naye hakuuliza hata kidogo. Aliuliza nani anashika pedeli, nani anakaa na mtungi wa kuzimia moto, na kama hao wawili ni watu tofauti. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa pembeni, akazitazama pikipiki, akasema kwa Kiswahili cha polisi, “Hii mlango ikifungwa, na mimi nafunga shoo yenu.” Hatukubishana. Usiku wa mwaka mpya wa 2023, kando ya barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa kwenye njia nyembamba wakienda kutazama fataki. Hakuna aliyeungua. Pikipiki zikahamishwa, na kijana mmoja wa bodaboda akapewa tiketi ya bure ili azilinde zisirudi.

Kwa filamu kazi ilikuwa nyepesi, na hapa nashauri bila kusita: usiweke cheche na mwigizaji katika picha moja kama si lazima. Vijana wa filamu wa Wakaliga, Kampala, wamekuwa wakiongeza moto na milipuko kwa kompyuta kwa miaka mingi na bajeti ndogo kabisa. Tulilipeleka sanduku nje usiku, tukaweka nyuma yake bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, tukarekodi cheche peke yake. Cheche ni mwanga juu ya giza, kwa hiyo kwenye programu ya kuhariri unaziweka juu ya picha ya mwigizaji kwa hali ya kuongeza mwanga, na weusi unapotea wenyewe. Kamera ilikuwa picha 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukiipunguza kasi ya shata mistari inarefuka, ukiiongeza cheche zinakuwa nukta nukta na uhai unapotea. Mbele ya lenzi weka filta ya bei rahisi: chembe za moto hutoboa vishimo kwenye kioo, na havifutiki. Usoni kwa mwigizaji tulimulika taa ya rangi ya chungwa inayocheza, na sauti ya grainda ikarekodiwa siku nyingine.

Jukwaani, mkondo hautoki kwa zaidi ya sekunde chache kila mara. Mwongozaji bado ananung'unika kwamba ni mfupi. Lakini msimamizi anapofoka na mkondo unakatika ghafla kwa kuinuliwa mguu, ukumbi unanyamaza, na nadhani ukatikaji huo umempa tukio ambalo mkondo mrefu usingempa.

Makundi mawili, moja la Iganga na moja la Mbale, yameomba kuazima sanduku. Tumewapa vipimo na mchoro. Sanduku lenyewe halitoki bila fundi wake, na hata likiwa stoo halina jiwe: kila onyesho likiisha Mzee analifungua jiwe na kuondoka nalo. Jiwe likianguka chini stoo na aliyeliangusha akaona haya kusema, ufa hauonekani, na atakayelifunga siku inayofuata hatajua.